Mwalimu wa Kingereza Aliuliza Kitanda Yetu Iko Upande Gani

"Sogezeni kitanda!"

Bamama, hiyo ni neno ya kwanza balisema mu nyumba yangu.

Balikuya asubui, ba agent ba kampuni ya madini pamoja na polisi. Habakuangalia salon. Habakuangalia jikoni. Balienda moja kwa moja mu chumba yetu ya kulala, ni kama balizaliwa mule!

Na chini ya kile kitanda, mu shimo, bwana yangu Muteba alikuwa anachimba...

Ninyi benye hamujue Kolwezi, huku Congo, nisikilizeni. Mu quartier, mutaa yetu, batu banachimba mawe ya cobalt chini ya nyumba zao. Kampuni ilikuya, ikasema tutahama bote. Mwenye hachimbe, atapewa nyumba mupya mahali pengine. Mwenye anachimba, atafukuzwa mikono mitupu, na kufungwa.

Chef wao, mwanaume murefu mwenye kuitwa Mukalay, akamulika mu shimo.

"Mama, kuna mutu huku chini?"

"Hapana, tata. Ni shimo ya zamani."

"Uko hakika?"

"Hakika, tata..."

"Basi tunaijaza. Leteni udongo!"

Yesu wangu!!

Nikisema bwana iko chini, banamufunga na tunapoteza nyumba. Nikinyamaza, banamuzika muzima.

Mi najua kufukuzwa. Nilikuwa mutoto wakati balifukuza Bakasai hapa, batu ba Kasai kama sisi, banatuita bilulu, ni kusema badudu. Tulilala ku gare na mama yangu tukingojea train. Ndugu yangu mudogo hakufika Kasai. Nikarudi mukubwa, nikaolewa, nikajiapisha: hakuna tena mutu wa kuniambia "toka".

Lakini nani aliambia hawa batu kuhusu kitanda??

Nikageuka. Binti yangu Shekina alisimama ku mulango, simu ku mukono.

"Mama... ni mi. Niliandika."

"Uliandikia nani?"

"Mister Brian..."

Huyo Mister ni mwalimu wa Kingereza mu groupe ya WhatsApp. Shekina alimupenda sana! Nakumbuka tulivyosemezana:

"Mama, ni Muingereza wa kweli! Kingereza ni luga ya mama yake."

"Sauti yake iko namna gani?"

"Anaandika tu. Anasema micro ya simu yake ilikufa."

"Muingereza mwenye anashindwa kutengeneza simu? Huyo ni masikini kupita sisi!"

"Mama we! Ni rafiki yangu."

Nikacheka, nikaacha. Mi nilisoma primaire tu. Hapa kwetu mwenye kujua Kingereza anapata kazi ya kutafsiri ku ba kampuni. Sikutaka mutoto yangu ashuke mu shimo kama baba yake.

Kumbe huyo Mister alikuwa amebapa batoto ba groupe kazi: "Elezeni nyumba yenu." Shekina akaeleza. Mister akasahihisha, akamusifu, kisha akamuandikia peke yake, inje ya groupe. Kitanda iko upande gani? Baba anashuka wakati gani? Rafiki hafichi rafiki yake...

Na mutoto akajibu yote! Kwa Kingereza safi!

Pelle ya kwanza, koleo mujaa udongo, ikaanguka.

Chini, nikasikia kikohozi.

Pelle ya pili...

"BASIIII! Bwana yangu iko mule! Mutoeni!!"

Balimuvuta na kamba. Vumbi mpaka mu meno. Hata maji habakumupa, bakamufunga pingu palepale.

"Mutoke leo," Mukalay akasema. "Nyumba mupya musahau."

Shekina akapiga magoti.

"Mama, ngoja! Mister atatusaidia. Kwao Uingereza kuna batetezi ba haki. Namuita sasa!"

Akabonyeza simu.

Na simu ikalia... MULEMULE MU CHUMBA.

Mu mufuko ya Mukalay.

Akaikata. Shekina akaita tena. Ikalia tena.

"Mister...?" mutoto akanongona.

Mukalay hakucheka. Aliangalia chini, akajibu mu Swahili ya hapa kwetu, sawa na yangu:

"Ni kazi, mutoto. Kati ya bote, we njo ulikuwa mwanafunzi muzuri."

Leo tuko Fungurume, tumebanana mu chumba ya dada yangu. Muteba balimuachilia, lakini kile kikohozi hakijamuacha. Shekina hasemi tena Kingereza. Hata ukimuuliza jina la kikombe mu Kingereza, anatoka inje. Hiyo njo inaniuma kupita nyumba.

Bazazi, sisemi batoto baache kusoma. Nasema: mwalimu anasahihisha kazi, anapita. Akianza kuuliza mambo ya mu nyumba yenu, huyo hafundishi, anachimba!

Nilitaka kuficha hii habari, sababu ya aibu. Lakini jana jirani yangu Mado alikuya anafurahi, ananionyesha simu ya binti yake.

"Mama Shekina, angalia! Mutoto amepata mwalimu, Muingereza wa kweli. Anaandika tu, micro yake imekufa."

Nikamuomba anisomee kazi ya kwanza.

Akasoma:

"Elezeni nyumba yenu."