Wosia wa Mzee Mkasi

Fundi mmoja wa suti aliitwa na wateja wake Mzee Mkasi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani mbili, pasi na meza ya kukatia. Alishona pamoja na binti yake. Mwanawe wa kiume, dereva wa lori, alionekana nyumbani kwa nadra.

Uzee ulipoingia, Mzee akaanza kusahau. Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Ikifika alasiri, alimwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Binti aligeukia ukutani akafuta machozi. Lakini mkasi haukumtoka mkononi, na kitambaa alikikata bila kukosea.

Alasiri moja binti aliandika wosia kwa jina la baba yake: nyumba yote na karakana ziwe zake yeye binti. Mumewe akaitwa awe shahidi.

"Niweke sahihi wapi, mke wangu?" Mzee alimwuliza binti yake.

Hapo jirani yao wakili akaingia kuchukua koti lake. "Mnafanya nini?"

"Wosia, dada. Baba husema kila siku karakana ni yangu. Nikimsubiri kaka, nitajikuta barabarani na cherehani kichwani."

"Na akili yake je?"

"Tazama suti ile! Ameikata leo hii. Aliyerukwa na akili anakata hivyo?"

Wakili akakaa karibu na Mzee. "Baba, una watoto wangapi?"

Mzee akatabasamu. "Mmoja tu, wa kiume. Ndiyo kwanza anaota meno."

Binti aliinamisha kichwa. Kalamu ikarudishwa mezani.

"Mdogo wangu," wakili akasema, "mikono yake inajua kazi, lakini wosia unataka kichwa. Anayeusia ajue anafanya nini, ana mali gani, na watu wake ni nani. Tena asisukumwe na mtu. Kaka yako akithibitisha mahakamani kwamba baba hakujua alichosaini, wosia huu utabatilishwa. Na shahidi ni mumeo! Nani atawaamini?"

"Basi nimekwisha."

"Bado. Kusahau peke yake hakumnyimi mtu haki ya kuusia. Ngojeni saa atakayokuwa ametulia. Daktari ampime, aandike alichokiona. Mashahidi wawe watu wasiopata kitu. Na wewe ukae nje."

Wakafanya hivyo asubuhi moja. Binti alikaa kibarazani. Sauti ya baba yake ilimfikia dirishani, imenyooka.

"Karakana ni ya binti yangu. Ndiye niliyeshona naye. Vyumba vya nyuma ni vya mwanangu wa lori. Msimwache yule, hana pa kurudi."

Katika wosia ule wa kwanza, binti hakuwa amemwandikia kaka yake hata msumari. Aliona aibu.

Mzee alipofariki, dereva alikuja amefura kwa hasira. "Nilipompigia simu aliniuliza mimi ni nani! Wosia huo naupinga mahakamani."

Wakili akamsomea barua ya daktari. Mashahidi wakamweleza walichosikia.

"Alisema hivyo? Sina pa kurudi?"

"Ndivyo alivyosema."

Dereva akakaa kwenye kigoda, akalia kwa kwikwi. Neno la mahakama halikutajwa tena.

Dada yake akamwacha alie mpaka akatulia mwenyewe. Kisha akamfungulia mlango wa vyumba vya nyuma.

"Ingia, kaka," akamwambia. "Ni kwako."