Taa Mia Mbili na Kumi na Nne

Mary aliukuta mwili saa tano asubuhi, siku ya Nane Nane, alipokwenda kuteka maji kwenye lambo la ng'ombe nje kidogo ya Butiama. Kwanza alidhani ni nguo za mtu zimeachwa ukingoni. Alipoona vidole alitupa ndoo, akakimbia hadi barabarani, na polisi walipofika alikuwa bado hajathubutu kuirudia ndoo yake.

Inspekta Susana Kwangu alifika kutoka Musoma saa sita na dakika ishirini, akiwa na Koplo Chrispin. Marehemu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, suruali ya jinzi, raba mpya, hana mkoba wala simu. Daktari aliinua kidevu chake taratibu, akaonyesha alama shingoni.

"Mkanda bapa," alisema. "Upana wa kidole kimoja. Si waya, si kamba. Alikufa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa mbili asubuhi, na alikufa kabla hajatiwa majini."

"Inachukua muda gani kufa hivyo?"

"Dakika nne. Pengine tano."

Susana aliandika. Katika mfuko wa nyuma wa jinzi walikuta kipande cha tiketi ya ndege, Lisbon hadi Mwanza, cha siku tano nyuma. Jina lilikuwa bado linasomeka: Diana Nyamburi.

"Afande, huyu namjua," Chrispin alisema, na sauti yake ikapungua. "Yaani Bunda yote tunamjua. Ni yule wa Nyamuswa aliyepelekwa Ureno miezi sita kufanya mafunzo kwenye kampuni ya betri. Kanisani walimwombea akienda."

Nyamuswa walifika saa nane. Mama yake, Wankyo, alikuwa ameketi kizingitini, na alipoona gari la polisi alivua kilemba akakiweka mapajani.

"Shikamoo, mama," Susana alisema.

"Marahaba. Semeni tu. Gari kama hilo haliletagi habari njema."

Wakamwambia. Hakupiga kelele. Alilia kwa ndani, mabega yakitikisika, na Susana alikaa naye chini bila kutoa daftari mpaka mwenyewe aliposema, "Uliza, mwanangu. Uliza nikiwa bado na nguvu."

"Aliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Nilimwambia asubiri basi. Akasema, 'Mama, kuna mtu wa ofisini ananipitia.' Hakumtaja jina. Lilikuja gari jeupe, la kubebea mizigo nyuma. Mwezi ulikuwa mweupe pee, nililiona mpaka linakata kona."

"Shingoni alivaa nini?"

"Kitambulisho chake cha huko Ureno, chenye utepe mwekundu. Alikuwa hakivuagi! Gulioni nacho, shambani nacho. Tulikuwa tunamcheka, tunamwita Bosi."

Kwenye maiti hakukuwa na utepe. Susana alitazama ukutani, mahali cheti cha kumaliza mafunzo kilipobandikwa kwa gundi ya karatasi, kikisubiri fremu.

Mama aliingia chumbani akarudi na kipande cha khanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na betri mbili, nene kama kidole gumba. Moja ilikuwa na ganda la buluu, jipya. Ya pili ganda la buluu lilikuwa limepasuliwa, na chini yake lilionekana ganda jingine, la kijani, limechakaa, kingo zina kutu.

"Alisema nimtunzie. Ripoti aliyoiandika huko Ureno juu ya betri hizi alitaka kuipeleka mwenyewe kwa bosi wake, mkononi. Akasema, 'Siyo adabu kumpita mkubwa, mama. Aione yeye kwanza, halafu ndipo niwapelekee watu wa viwango.' Ndivyo nilivyomlea," mama alisema. "Ndivyo nilivyomlea mimi."

Kampuni ya Mulika Ziwa ilikuwa Mwisenge, Musoma: ofisi moja mbele, karakana nyuma, wafanyakazi wanne ukimhesabu na Diana. Ilitengeneza taa za sola za wavuvi wa dagaa. Ingawa ilikuwa sikukuu na nusu ya mji ilikuwa imelala, karakana ilikuwa wazi saa kumi jioni, na taa zimepangwa sakafuni hadi darini, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta.

"Wiki hii tunakuwaga hatulali," alisema Ursula, fundi mkuu, mwanamke mnene mwenye macho mekundu. "Wiki ijayo hautakuta hata moja hapa." Kisha akakumbuka kilichowaleta polisi, akajifunika uso kwa aproni.

Mkurugenzi, Stanslaus Makoye, aliwapokea ofisini. Mtu wa Kabasa, Bunda, mtoto wa wakulima wa pamba, aliyesomea biashara Dar es Salaam. Shati limenyooka, kiyoyozi kinavuma. Alisema Diana alikuwa kama mdogo wake.

"Jana jioni na leo asubuhi ulikuwa wapi?" Susana aliuliza.

"Jana nyumbani. Leo alfajiri nilikwenda Bukima na gari langu dogo, kutembelea wateja. Nilifika saa kumi na moja hivi. Mitumbwi ilikuwa inaingia kutoka ziwani, kama thelathini, taa zetu zote zinawaka. Inapendeza, Inspekta! Nikanunua ndoo ya dagaa wabichi, nikarudi saa tatu."

"Pikapu nyeupe ya kampuni?"

"Niliiacha hapa. Funguo zinatundikwa pale mlangoni, anachukua yeyote." Akainamisha kichwa, akapunguza sauti. "Sipendi kumsema mtu. Lakini Florian aliitaka sana ile nafasi ya Ureno. Na kuna mvuvi mmoja, Mayala, alikuja hapa mwezi Juni kututishia. Ndugu yake alikufa na wenzake wawili, mtumbwi ulishika moto. Walikuwa wanavuta sigara karibu na petroli, lakini ukitaka kumlaumu mtu, utamlaumu mwenye taa."

Susana aliyaandika yote, akampa asaini.

Florian alikuwa fundi kijana, mikono ina risasi ya kulehemu hadi kwenye kucha. Simu yake ilikuwa na ujumbe aliomtumia Diana wiki iliyopita: *Usirudi huku. Kaa hukohuko.*

"Maana yake nini?" Chrispin aliuliza.

"Hasira tu, afande. Tulifanya usaili wote wawili, akapata yeye."

"Leo ulifika hapa saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Taa zilikuwa nyingi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Ursula alikuja saa tatu. Lakini nilipofika pikapu haikuwepo, naapa."

"Mimi nilipokuja ilikuwepo," Ursula alisema, akijuta huku anasema. "Imeoshwa, bado inadondosha maji."

"Hukuisikia ikirudi?" Chrispin alimkazia macho Florian.

"Ukiwa huku nyuma na mashine inaunguruma, husikii kitu."

Pikapu ya ofisini, hasira, ujumbe, na hakuna shahidi. Saa kumi na mbili jioni Florian alitiwa mahabusu. Chrispin aliridhika. Susana hakuridhika, na hakujua kwa nini, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kitu chochote.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa Bukima. Susana alizaliwa kilomita sita kutoka hapo. Utoto wake wote aliumaliza akianika dagaa mchangani na kufukuza kunguru, na sasa alikuwa na miaka kumi mjini, nyumba ya umeme, viatu vya ngozi.

Mayala alikuwa ameketi chini ya kibanda cha nyavu na watu wapatao arobaini, kila mmoja na sindano na uzi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, imepinduliwa, matumbo yamekauka, mingine inapakwa lami.

"Ndiyo, nilikwenda kwao nikatukana," Mayala alisema bila kusimama. "Ndugu yangu alikuwa havuti sigara. Mlokole yule! Taa ililipuka, nikamwambia bosi wao, akanifukuza kama mbwa. Yule binti aliyekufa ndiye pekee aliyenisikiliza. Alinipigia kutoka hukohuko Ulaya, akaniuliza taa ilikuwa rangi gani, ilianza kunuka lini. Nimuue mimi?"

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Tangu Jumatano tupo hapa tunashona, wote hawa. Waulize."

Susana hakuwauliza. Alikuwa anaitazama ile mitumbwi iliyopinduliwa, na uso ulimwaka moto kwa aibu. Uongo ule alikuwa ameuandika kwa mkono wake mwenyewe, yeye mtoto wa mchanga huu, akaupigia na mstari.

"Chrispin," alisema. "Waambie wa zamu wamtoe Florian. Halafu pikapu ile ifunguliwe viti vyote."

Saa sita mchana aliweka zile betri mbili mbele ya Ursula. Fundi alizigeuza, akachukua kisu, akapanda ngazi, akashusha taa moja kutoka rafuni na kuifungua. Alichana ganda la buluu. Chini yake palikuwa na ganda la kijani, kuukuu.

"Yesu wangu," alisema. "Hizi ni betri za kompyuta mbovu. Zimevishwa nguo mpya."

"Zilitoka wapi?"

"Mwaka jana mzigo wetu ulichelewa. Bosi akaja na maboksi, akasema ni za dharura, tuzifunge haraka. Tulizifunga kwenye taa mia mbili na kumi na nne. Mimi ndiye niliyezifunga, afande. Kwa mikono hii." Alikaa chini kwenye sakafu, kisu mkononi. "Zinaweza kulipuka zote."

Saa tisa alasiri Susana aliingia ofisini kwa Stanslaus na kufunga mlango. Chrispin alisimama pembeni.

"Jana uliona mitumbwi inaingia Bukima," Susana alisema.

"Ndiyo."

"Taa zinawaka."

"Zote."

"Na dagaa ulinunua."

"Ndoo nzima. Tumeshawala."

"Mheshimiwa, karakana yako imejaa taa za wateja. Kwa nini zimejaa wiki hii?"

Stanslaus alitabasamu kidogo. "Mambo hayo anayajua Ursula."

"Basi nitakueleza mimi. Dagaa huvuliwa gizani. Anaifuata taa kwa sababu ndiyo mwanga pekee. Mwezi ukiwa mpevu, hata uwashe taa mia, haji. Kwa hiyo wiki nzima mitumbwi hukaa nchi kavu, watu hushona nyavu, na taa huletwa kwako zitengenezwe. Jana mwezi ulikuwa mpevu. Mama yake Diana aliliona gari lako mpaka konani kwa mwanga wa mwezi huohuo. Pale Bukima hapakuwa na mtumbwi hata mmoja majini, wala dagaa mbichi hata mmoja."

Stanslaus alinyoosha kola ya shati lake.

"Miaka minne unawauzia watu taa," Susana alisema, "na hujui huwa wanazizima lini."

"Nilikosea siku. Labda ilikuwa..."

Chrispin aliweka mezani mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kibanio chekundu cha utepe, kilichokatika, chenye jina la kampuni ya Ureno. "Kilikuwa chini ya reli ya kiti cha abiria," alisema. "Mkeka uliuosha vizuri. Reli uliisahau."

Stanslaus alipoanza kusema, hakumtazama yeyote.

"Nilimwomba muda tu. Nilimpitia kwao ili tuzungumze njiani, kistaarabu. Nikamwambia, watu watatu walishakufa, hatuwezi kuwafufua. Ukipeleka hiyo ripoti nitafungwa, na ninyi wote hamtakuwa na kazi. Nipe mpaka mwisho wa mwaka, nitazibadilisha kimya kimya. Akakataa. Akasema hawezi kungoja hata wiki, eti giza linarudi. Giza, giza, ndilo neno alilolishikilia. Sikumwelewa."

"Alikuwa anakwambia wavuvi wanarudi ziwani," Susana alisema. "Na taa zako."

"Nilishika ule utepe ili anyamaze. Anyamaze tu."

"Dakika nne, Stanslaus! Mtu hanyamazishwi kwa dakika nne. Huko ni kuua, na ulikuwa unajua unaua." Susana alifunga daftari lake. "Angeweza kuituma ripoti ile kwa polisi akiwa Ureno. Alikuletea wewe kwanza kwa sababu alikuheshimu."

Alifungwa pingu saa tisa na dakika arobaini. Mkoba alikuwa ameuchoma nyuma ya nyumba yake. Lakini Wareno, walipopigiwa simu, walituma nakala ya ripoti siku hiyohiyo, na salamu ndefu za rambirambi ambazo Florian aliwasomea wenzake huku akikatizwa na kilio. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa cha habari, Kazi Zilizobaki, na chini yake mstari mmoja tu: *Kukusanya taa zote 214 kabla giza halijarudi.*

Ursula alibandika ukurasa ule ukutani. Taa mia moja na tisini zilikuwa mle mle karakanani. Zilizobaki zilikuwa zimetawanyika Majita na visiwani, na Mayala na wenzake walizifuata mchana kutwa kwa mtumbwi wa injini, siku tatu mfululizo, kila waliporudi Florian akizifungua na kuzitoa betri. Susana alikwenda nao siku moja, akavua viatu vya ngozi, akasukuma mtumbwi na wenzake.

Jumatano, kesho yake ya mazishi, mama Diana alikuja Musoma kuchukua vitu vya mwanawe. Aliwakuta wamesimama wote mbele ya ukurasa ule. Hesabu ilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

"Imebaki moja," Florian alisema. "Tumezunguka kote. Hatuioni."

Mayala alitoka nje. Alirudi na gunia, akalimwaga juu ya meza taratibu: fremu iliyopinda, kioo kilichoyeyuka, waya mweusi. Ilikuwa taa ya ndugu yake. Alikuwa ameificha darini kwake tangu Juni, akingoja mtu wa kumwamini.

Ursula alishika kalamu, kisha akamnyooshea mama Diana. Mama aliipokea. Aliusoma ule mstari polepole, akiufuata kwa kidole, kisha akaukata kwa wino kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya," alisema. "Sasa mwanangu amemaliza mafunzo."