Fundi Aliyeondoka na Ufunguo wa Lifti

Lifti ya chuo ilikuwa mbovu siku ile, na ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya tano. Ngazi zilijaa watu wazima wenye bahasha kwapani: washonaji, makarani, madereva, mafundi wa kila namna, wote wakihema na kulaani. Walikuja kwa jambo moja. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba mtu anayeijua kazi kwa kuifanya anaweza kuleta ushahidi wake na kufanya mtihani, na kila somo atakalofaulu likahesabiwa kana kwamba alilisoma darasani. Ukifaulu masomo ya kutosha, unaruka mwaka wa kwanza.

Ghorofa ya tatu msafara ulisimama. Mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi alikuwa amebandika sikio kwenye mlango wa lifti, mguu wake mmoja umeziba njia. Nyuma yake alikuwepo mwanamke wa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, viatu vya kisigino ameshika mkononi, jasho likimtiririka shingoni.

"Kaka, unapanda au unasikiliza taarifa ya habari?"

Mwanamume aligonga mlango mara mbili kwa kidole, akasikiliza tena.

"Kaka! Nasema na wewe."

"Mlango wa ghorofa ya pili haujifungi vizuri," alisema mwanamume, bila kugeuka. "Lifti haiondoki mlango ukiwa wazi."

"Kumbe wewe ni fundi wa lifti?"

"Ndiyo."

"Basi itengeneze, miguu yetu ipone!"

"Si yangu."

Mwanamke alicheka mpaka akaegemea ukuta. Yeye alikuwa mpishi, msimamizi wa jiko la hospitali. Wapishi wake walimjibu kwa sentensi ndefu, na wagonjwa kwa ndefu zaidi. Hakuwahi kukutana na mtu anayetumia maneno kama vile anayanunua. Akamshika mkono wa ovaroli, akamvuta hadi juu, na walipofika kwenye dirisha la usajili na karani akauliza nani anafuata, ni yeye aliyejibu: "Huyu. Anataka diploma ya ufundi wa lifti. Mimi ya lishe. Na huyu hasemi, kwa hiyo niulize mimi."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na tabu pia.

Walifaana, hilo nitalisema wazi. Mpishi alimpenda kwa sababu alikuja alipoahidi kuja, na bomba la jiko lililovuja alilibana bila kuombwa. Fundi naye alipenda sauti yake. Alimwita Redio. Yeye alimwita Bwana Kimya. Jioni, baada ya kazi, simu zao zilikuwa hivi:

"Bwana Kimya, laazizi, umekula?"

"Ndiyo."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Mungu wangu! Umenikumbuka?"

"Ndiyo."

"Umenikumbuka vipi?"

"Kawaida."

"Kawaida! Mwanamume mzima! Nitakufa na shinikizo la damu kwa ajili yako."

Fundi alikuwa akitabasamu upande wake wa simu, lakini tabasamu halipiti kwenye simu, na mwanamume huyu hakulijua hilo. Wanaume wa namna yake wanachosha. Wanadhani kwa kuwa jambo limo ndani yao, basi liko mezani na kila mtu amelila.

Walipanga hivi: wote wafanye mtihani, wote waingie mwaka wa pili, na siku ya kujiandikisha watoke chuoni waende moja kwa moja kwa mama wa mpishi kuzungumza habari za ndoa. Kwa fundi kulikuwa na zaidi. Kazini kwao aliambiwa kwamba bila diploma ataendelea kuitwa msaidizi mpaka azeeke, na kazi yake itaendelea kutiwa saini na mtu mwingine.

Mpishi alifanya mtihani wake kwanza. Alimweleza mtahini chakula cha mgonjwa wa figo tangu sokoni hadi kwenye sahani, akamweleza na habari za mpishi aliyewahi kuzidisha chumvi, na mtahini akaomba kwenda kunywa maji. Alifaulu.

Zamu ya fundi ilipofika, alipelekwa juu ya paa, kwenye chumba cha mashine ya lifti ileile ya chuo, ambayo sasa ilikuwa inafanya kazi. Mtahini alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, aliyeijua kazi hiyo tangu ujana wake. Fundi alizima swichi kuu. Akaipiga kufuli lake, lile jekundu ambalo kila fundi wa lifti huwa nalo la kwake peke yake, lenye ufunguo mmoja tu. Akatundika kibao cha hatari. Akachukua kipimo, akapima kama umeme umekatika kweli. Kila kitu safi.

"Vizuri," alisema mtahini. "Kwa nini umefunga kabla ya kupima?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Najua ndivyo inavyofanywa. Kwa nini?"

"Nilifundishwa hivyo."

"Na kwa nini kufuli liwe lako, lisiwe la mtu yeyote?"

Fundi alitazama kufuli, akatazama sakafu. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa vidoleni, halikupanda mdomoni.

"Mwanangu," mtahini alisema, "kesho utakuwa na vijana chini yako. Ukiwaambia ndivyo inavyofanywa, siku wakiwa na haraka hawatafanya. Siwezi kukupa alama kwa jambo usiloweza kulieleza."

Alisema kweli, na fundi alijua ni kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. Alikusanya vifaa, akafunga begi, akashuka ngazi zote bila kuaga. Alikuwa ameshafika barabarani alipouhisi ufunguo wa kufuli jekundu mfukoni mwake. Juu ya paa kufuli lilikuwa bado limeshika swichi. Aliona aibu kurudi. Akaenda nyumbani.

Jioni simu ikalia.

"Laazizi! Niambie! Imekuwaje?"

"Nitakuambia."

"Niambie sasa."

"Baadaye."

Fundi akakata simu. Kisha akaizima kabisa.

Sasa mweke mwanamke mwenye maneno mengi kwenye kimya kama hicho uone atakavyokijaza. Kwanza alifikiri ni ajali. Kisha akafikiri kuna mwanamke mwingine, akamtengenezea sura, rangi ya kucha na hata namna ya kucheka. Mwishowe akafikia lililomuuma zaidi: fundi alifaulu, akaona mpishi wa hospitali hamfai tena. Kumbe mwenzake, chumbani kwake, alikuwa anafikiri lilelile kwa upande wa pili: nani atataka kumpeleka kwa mama yake mwanamume aliyekimbia mtihani?

Siku ya kujiandikisha mpishi alivaa gauni lile la kijani, kwa ukaidi tu. Alisubiri langoni mpaka mlinzi akamwonea huruma, akampa kiti. Fundi hakutokea. Basi akaingia, akaiendea lifti, akabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, kama mtu anayemtoboa adui jicho.

"Haifanyi kazi, dada," alisema mlinzi. "Pita ngazi."

Alivua viatu. Alipofika dirishani hakuwa na pumzi, ila hasira alikuwa nayo.

"Hiki ni chuo gani? Mnafundisha ufundi wa lifti na lifti yenyewe imekufa!"

"Usinigombeze mimi, dada yangu," alisema karani, naye amechoka, kwa maana yeye hupanda kila siku. "Kuna fundi mmoja alikuja kwenye mtihani, akafunga swichi kwa kufuli lake, wakakwaruzana na mtahini, akaondoka na ufunguo. Kanuni inasema kufuli la mtu hufunguliwa na mwenyewe. Tunampigia, simu imezimwa. Mkuu amesema asipopatikana leo litakatwa."

Mpishi aliweka viatu vyake juu ya meza ya dirisha.

"Fundi gani? Mrefu? Ovaroli imepigwa pasi?"

"Huyohuyo. Unamjua?"

"Nilidhani namjua! Amefeli?"

"Hakufeli. Amekimbia. Yule mama mtahini alimuuliza kwa nini anafunga kabla ya kupima, na kwa nini kufuli liwe lake, naye akajibu tu ndivyo inavyofanywa. Mtahini ameacha nafasi yake wazi, anasema akirudi kabla ya muhula kuanza atamalizia."

Mpishi alijiandikisha kwa mwandiko uliotoboa karatasi, akashuka ngazi zote, akapanda gari hadi kwenye jengo la ofisi alikojua fundi anafanya kazi wiki ile. Dada wa mapokezi, aliyewahi kumwona, alimwonyesha lifti ya katikati. Ilikuwa imesimama chini, mlango wazi, uzio wa njano mbele yake, na juu ya kichumba cha lifti kulikuwa na mlio wa spana.

"Bwana Kimya!"

Spana ikanyamaza.

"Usijifanye hupo! Nauona mguu wako kwenye hicho kidirisha cha darini!"

"Usivuke uzio," sauti ilisema kutoka juu. "Hatari."

"Sivuki. Umezima swichi?"

"Nimezima."

"Umefunga?"

"Ndiyo."

"Kwa kufuli gani? Lako liko chuoni linatupandisha ngazi!"

Dada wa mapokezi aliacha kuandika.

"La akiba, la kampuni," fundi alisema hatimaye.

"Kwa nini usifunge la mwenzako tu?"

"Ndi…"

"Ukisema ndivyo inavyofanywa, naondoka na huji kuniona tena mpaka siku ya kiama! Kwa nini?"

Alishusha pumzi, ikasikika hadi mapokezi. Kisha, taratibu, akaanza.

"Kwa sababu mimi ndiye niliye ndani. Kama ufunguo uko kwa mwenzangu, yeye akimaliza kazi yake atafungua, atawasha, na mimi niko huku juu. Ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, hakuna anayeweza kuwasha mpaka nitoke mzima."

"Na kwa nini unafunga kwanza, halafu unapima?"

"Ukipima kwanza ukageuka kutafuta kufuli, mtu anaweza kuwasha mgongoni kwako. Utashika waya ukidhani hauna umeme, kumbe unao."

"Hayo ndiyo aliyokuuliza yule mama?"

"Hayohayo."

"Na unayajua!"

"Nayajua."

"Sasa mdomo ulikuwa na kazi gani siku ile? Na simu uliizima kwa nini? Nimekaa siku zote hizi nikimchukia mwanamke ambaye hata hayupo! Nimemchagulia mpaka rangi ya kucha!"

Kidirisha cha darini kilisukumwa wazi kabisa, uso ukachungulia, umepakwa grisi kuanzia sikio hadi kidevu.

"Niliona aibu," alisema. "Wewe umefaulu. Nilifikiri ukinisikia nimekimbia, utaniona mdogo. Nikasema ninyamaze mpaka nirudi nimefaulu. Halafu nikaogopa kurudi. Halafu nikaogopa kwamba nimeogopa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mfululizo, na mpishi aligeuza uso pembeni akatabasamu. Hakumwonyesha.

"Endelea," alisema. "Unafanya nini sasa?"

"Nashuka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lililobaki siwezi kulisema nikiwa darini."

Alishuka kwa kidirisha, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoka, akasimama upande wake wa uzio.

"Haya, nipe huo ufunguo nikaupeleke," mpishi alisema, kiganja wazi.

"Ufunguo haupewi mtu."

"Yaani hata mimi!"

"Hata wewe. Tutaenda wote." Akameza mate. "Nafungua mwenyewe, namalizia mtihani. Nikimaliza, tunakwenda kwa mama yako. Nataka kukuoa."

"Kwa nini?"

Dada wa mapokezi alisema "Eeh!" kwa sauti, akajiziba mdomo.

"Kwa sababu siku hizi bila sauti yako," fundi alisema polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani akishika ukuta, "nimekuwa nawasha televisheni nikiwa sitazami. Naiacha iseme. Haisemi kama wewe. Haiulizi kama nimekula."

Mpishi alijaribu kukasirika kidogo tena, kwa sababu alikuwa bado na hasira iliyobaki na hakupenda kuipoteza bure. Ikashindikana. Akavua kitambaa cha kichwa, akamfuta grisi sikioni.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijala. Nilipika wali ukaungua kwa chini, nikauacha, nikanywa chai bila sukari kwa sababu sukari iliisha juzi."

"Haya basi," mpishi alisema. "Haya. Twende."

Walipanda ngazi za chuo pamoja, yeye viatu mkononi. Mtahini mwenye miwani alikuwapo, akapanda nao hadi juu ya paa, na fundi akaanza. Alieleza kufuli, alieleza kibao, alieleza kipimo na kwa nini kipimo chenyewe nacho kipimwe kwanza. Akaeleza mafuta ya reli za kuiongoza lifti. Akaeleza mlango wa ghorofa ya pili na namna ulivyolia siku ile. Alipoanza kueleza kwa nini alichagua spana ile na si nyingine, mtahini aliinua kalamu.

"Inatosha, mwanangu. Umefaulu. Washa lifti, nimechoka na ngazi."

Walikwenda kwa mama siku hiyohiyo, na ndoa ikafungwa kabla ya muhula kwisha. Mpishi anakiri hakujua alichokuwa anakifungua. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwao alikuwa bado kitandani, anataka dakika chache tu za usingizi, akasikia sauti kutoka jikoni.

"Sasa nawasha jiko, mke wangu. Naweka moto mdogo, kwa sababu sufuria ni nyepesi. Chai naiweka kabla maji hayajachemka, kwa sababu…"

Alijifunika mto kichwani.

"Mume wangu," alilia, "nakuomba, nyamaza!"

"Nanyamaza," ilijibu sauti, kwa furaha kabisa. "Kwa sababu umechoka."