Mguu Usioguswa na Mwanamke

"Vua kiatu."

"Sivui."

"Mihayo, mguu huo nimeufunga bendeji mimi mwenyewe tangu ulipoletwa kutoka Geita umevimba kama kibuyu. Leo unanificha nini?"

"Umepona."

"Mguu uliopona haufichwi."

Mihayo alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda dirishani. Kukaa kulimshinda. Kabla nguzo ya mgodini haijamwangukia mguu wa kushoto, mji wa Shinyanga ulimtegemea katika mbio za maili moja. Sasa ilikuwa 1955. Michezo ya Jimbo la Ziwa ingefanyika Jumamosi, na Jumapili padre wa Ngokolo angetangaza kanisani, kwa mara ya kwanza, ndoa yake na Scolastika, muuguzi wa hospitali.

"Unakimbia?" Scolastika aliuliza.

"Kila alfajiri."

"Unachechemea."

"Kidogo tu."

"Basi niuone."

"Baada ya Jumamosi, nakuomba."

"Sababu?"

Mihayo alitazama nje.

"Kama hakuna sababu, Jumapili padre asitaje jina langu."

Asubuhi iliyofuata, Scolastika akitoka zamu, jirani yake Paskalia alimsimamisha njiani.

"Mwenzangu, nisiseme nikaonekana mchonganishi. Mchumba wako kila asubuhi anaingia kwa kina Sikujua, yule msichana. Anatoka amejiinamia."

Scolastika hakulia. Alikwenda huko huko, na sare yake ya kazi mwilini.

"Hodi!"

"Karibu, dada. Mwangaluka!" Sikujua alimsalimu kwa Kisukuma huku akitwanga uani.

"Mwangaluka. Mihayo anafuata nini hapa?"

Sikujua alicheka mpaka mchi ukamponyoka. "Kwangu mimi? Dada, mimi nataka mwanamume anayeweza kukaa akamaliza ugali! Yule anamfuata baba."

Baba yake, Bujiku, alikuwa mganga wa ngoma wa Wagalu, kimoja cha vyama viwili vya wacheza ngoma wa Kisukuma. Kabla ya mashindano aliwachanja wachezaji miguu kwa wembe na kuwapaka dawa kila asubuhi, ili wapinzani wao, Wagika, wasiwaweze. Tangu kuchanjwa hadi mashindano yaishe, mwanamke hakuruhusiwa kuugusa mguu huo, wala mchezaji mwenyewe kumwambia habari zake.

"Amemchanja mkimbiaji dawa ya ngoma?"

"Alilazimisha mwenyewe. Baba alimwambia dawa hii ni ya kuchezea, si ya kukimbilia. Akajibu, ngoma ni miguu, mbio ni miguu."

Scolastika alirudi hospitali, akamtuma mhudumu ampelekee Mihayo karatasi: "Njoo na mguu wako sasa hivi, au usije kwetu tena. S."

Mihayo alifika, akasimama mlangoni.

"Umekwenda kwa Bujiku."

"Nimekwenda. Kaa."

"Ukiugusa, dawa inakufa."

"Ife. Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Kwa sababu najua ungesema nini." Sauti yake ilishuka. "Ulikuwa umeanza kupona, nikachanjwa ili nirudishe kasi, kisha maumivu yakarudi. Nikajua mfupa umekataa kuunga. Mgodini hawanitaki tena. Uwanjani nisipoweza, mimi ni nani, Scola? Utaolewa na kiwete?"

"Hilo swali ni langu kulijibu, na hukuniuliza."

Aliendelea kusimama. Dirishani zilisikika sauti za watu wanaochora mistari ya chokaa uwanjani. Mihayo alizisikiliza, akamtazama Scolastika, kisha akakaa, akavua kiatu na kuuweka mguu wake mapajani mwa muuguzi.

Chale mbili, zenye usaha. Scolastika aliubonyeza mfupa polepole.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Aaa, mayu!"

"Hapo ni chale. Mfupa umeunga, Mihayo. Umeunga sawasawa. Maumivu hayakurudi, umeyanunua kwa wembe. Ungenionyesha mguu kabla ya wembe, Jumamosi ungekimbia."

Mihayo alifunika uso kwa viganja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa.

"Na sasa?"

"Ukikimbia na usaha huu, unaweza kuupoteza mguu. Ukinisikiliza, utakimbia mwakani."

"Na Jumapili?"

"Sababu nimeipata. Ni ya kijinga, lakini si mwanamke mwingine. Padre atangaze."

Jumamosi walikuwa pamoja kando ya uwanja. Bastola ilipolia, Scolastika alimvuta shati.

"Kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama, Mihayo."

"Yule wa Mwanza anajivuta kwenye kona! Mimi ningempita pale pale!"

"Ungempita," alisema Scolastika. Alikuwa amemwona akikimbia, na hakuwa mtu wa kusifia bure. "Kesho utaweza kutulia kwenye benchi, padre akitaja majina yetu?"

"Anachukua muda gani?"

"Dakika chache."

"Nitajaribu."

Hakuweza. Padre alipofika kwenye jina la Scolastika, Mihayo alikuwa amekwisha kusimama.