Mfano wa Kwanza

Nyumbani kwa fundi seremala, vumbi la mbao lilikuwa mwanafamilia. Liliingia kwenye chai, likalala kwenye mashuka, likapanda hadi kwenye nyusi za fundi mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa akifua nguo za wagonjwa hospitalini, alisema yeye ni mke wa pili tu. Mke wa kwanza ni mbao.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Ukutani zilining'inia mbao nyembamba zilizokatwa kwa maumbo mbalimbali: mguu wa stuli, mgongo wa kiti, kona ya dirisha. Fundi aliziita mifano. Akitaka kutengeneza kiti, alichukua mfano, akauweka juu ya ubao, akauzungushia penseli, kisha akakata. Hakupima tena. "Mfano haudanganyi," alisema, na alilisema hilo mara nyingi mno.

Walikuwa na binti mmoja, aliyekuwa akimalizia shule ya msingi. Jina lake la utani lilikuwa Chiriku, kama yule ndege asiyejua kunyamaza. Alianza kusimulia habari za shule wakati anavua viatu, na aliacha pale tu alipoambiwa alale.

Somo moja lilimpiga chenga: hisabati. Darasani walikuwa wengi, na kitabu kimoja kilishikwa na watoto watatu au wanne. Mwalimu alieleza mara mbili, kengele ikalia. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni anwani ya tovuti ya masomo. Ilikuwa ya bure, yenye video fupi na mazoezi. Aliwaambia wenye simu nyumbani waombe ruhusa kwa wazazi.

Simu ya familia ilikuwa moja tu, ya mama. Jioni ile Chiriku na baba yake waliishika pamoja. Kabla hawajaifikia tovuti ya mwalimu, walikutana na programu nyingine, nayo ya bure. Unapiga picha swali lako, na jibu linatokea, hatua zote zimepangwa. Fundi alijipiga paja kwa furaha.

"Mama," alimwambia bintiye, maana alimpa jina la mama yake mzazi, "huu ndio mfano. Wewe fuatisha tu."

"Nifuatishe tu, baba?"

"Mimi nimekulea kwa kufuatisha. Andika."

Tangu siku hiyo daftari la Chiriku lilijaa tiki nyekundu. Fundi alitamba nalo. Mteja aliyefuata kitanda chake hakukipata kitanda mpaka aangalie tiki kwanza.

Kisha likaja jaribio la darasani. Hapo hapakuwa na simu, ila karatasi na kalamu. Chiriku alipata maswali mawili tu.

Mwalimu alimwita fundi shuleni. Hakumfokea. Alisema kwamba kazi za nyumbani za binti huyu ni kama za mhandisi, lakini jaribio lake ni kama la mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Kulikuwa na jaribio jingine mwisho wa mwezi. Akianguka tena, wenzake watasonga mbele na yeye atarudia darasa.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku hakusema neno. Miaka yote fundi alikuwa akimwambia anyamaze kidogo. Sasa alimwomba aseme chochote, hata uongo, na mtoto akaendelea kutazama chini. Fundi aliumia sana.

Alipofika nyumbani aliifungia simu kwenye sanduku la vifaa, akapiga kufuli.

"Kwanza, hiyo simu ni yangu," alisema mkewe. "Pili, msumeno ukikukata kidole, nao huufungii sandukuni. Unajifunza kuushika. Mpeleke mtoto maktaba, kwa jirani yetu."

Jirani huyo alikuwa mkutubi, na watoto wa mtaa walimwita Mama Maktaba. Alitunza vitabu, kompyuta chache na intaneti ya bure kwa wasomaji. Fundi aliijua maktaba vizuri. Viti vyote vya mle alivitengeneza yeye, ingawa hakuwahi kukalia hata kimoja akasoma.

Mama Maktaba alichukua daftari la Chiriku. Alichagua swali lenye tiki, akamwomba aeleze hatua ya pili imetoka wapi. Chiriku alipitisha kidole juu ya hatua ile. Machozi yakamlengalenga.

"Sijui," alisema. "Nilinakili."

"Mimi ndiye niliyemtuma," fundi alidakia. "Asilaumiwe. Kazi zangu zote nazifanya kwa mfano, na viti vyangu mnavikalia hapa."

"Na havichezi, kaka fundi. Lakini nikuulize. Ule mfano wako wa kwanza kabisa, uliukata kwa kufuata mfano gani?"

Fundi alikumbuka stuli yake ya kwanza. Alipima, akakata, ikayumba. Akapima tena, akakosea tena, mbao zikaishia jikoni kuwa kuni. Mama yake alipikia stuli tatu kabla ya moja kusimama. Mguu wa hiyo iliyosimama ndio alioufanya mfano, akautundika ukutani. Kumbe mfano ulikuja mwisho, baada ya kujifunza.

"Nimempa mtoto mfano kabla hajajua kupima," alisema taratibu. Aliona aibu, wala hakuificha.

Mama Maktaba hakumsimanga. Alifungua kompyuta na kuitafuta tovuti ile ya mwalimu. Alimpa Chiriku zoezi la darasa lake, likamshinda. Akampa la darasa la chini yake, likamshinda pia. Walirudi nyuma mpaka kwenye sehemu, yale mambo ya nusu na robo. Hapo ndipo penye shida.

"Lakini hili ni somo la watoto wadogo," Chiriku alinong'ona, akitazama kama kuna mtu anamwona.

"Wahenga walisema usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa," alisema Mama Maktaba. "Ulijikwaa hapa. Darasani mwalimu hawezi kuwarudisha wote nyuma kwa ajili yako. Lakini video hii unaweza kuirudisha hata mara kumi, na haitakucheka."

Alimwonyesha namna ya kuitumia. Mtu wa kwenye video akiuliza swali, isimamishe kabla hajajibu. Fanya mwenyewe kwenye karatasi. Ukikwama, bonyeza upate kidokezo, usikimbilie jibu. Ukimaliza, iendeleze video uone kama mmefika pamoja.

Fundi aliuliza kama ile programu ya kupiga picha waifute.

"Msiifute. Iwekeni mwisho, iwe ya kukagua. Kama jibu lako na lake hayafanani, tafuta ni kwenye hatua ipi mlipoachana. Kisha angalia kitabu, au muulize mwalimu, maana hata programu hukosea."

Wakati huo dirisha dogo lenye rangi kali lilitokea kwenye kioo. Lilisema Chiriku ameshinda zawadi, aandike jina lake, shule yake na namba ya simu. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuandika. Mama Maktaba aliushika mkono wake kwa upole, akalifunga dirisha lile.

"Kujifunza sehemu hakuhitaji namba ya simu ya mama yako," alisema. "Cha bure kinachotaka siri zako si cha bure. Kikitokea, kifunge, au mwite mtu mzima."

Mwisho aliwafundisha namna ya kupakua video palepale maktaba, ziingie kwenye simu watakapokuja nayo. Nyumbani Chiriku angezitazama bila kutumia bando la mama hata kidogo.

"Na mimi je?" aliuliza fundi. "Hizo hisabati tuliachana zamani."

"Wewe una neno moja tu la kusema. Akikupa jibu, muulize, umejuaje? Kisha kaa kimya umsikilize."

Fundi alirudi nyumbani, akafungua kufuli, na kesho yake wakaipeleka simu maktaba. Alipaka rangi nyeusi kipande cha mbao, akakitundika ukutani katikati ya mifano yake. Kila jioni Chiriku alitazama video kidogo, akasimamisha, akaandika kwa chaki. Baba yake alipiga randa huku akiuliza, "Umejuaje?"

Siku za mwanzo mtoto alijibu kwa neno moja moja. Mara nyingi alifuta na kuanza upya. Siku moja aliandika kwamba mbili ukigawa kwa nusu unapata nne. Fundi aliweka randa chini.

"Hapo umenipoteza. Nigawe halafu nipate zaidi? Umejuaje?"

Chiriku alivuta ubao uliokuwa sakafuni. "Baba, huu una mita ngapi?"

"Mbili."

"Ukiukata vipande vya nusu mita, utapata vingapi?"

"Vinne."

"Basi ndiyo hiyo."

Fundi aliutazama ule ubao. Maisha yake yote alikuwa akiigawa mita kwa nusu na hakujua kwamba hiyo ndiyo hisabati yenyewe. Chiriku akaendelea kueleza: ya robo, ya theluthi, ya yule mtu wa kwenye video anayejikuna pua kila akitaka kuuliza swali. Kutoka jikoni mama yake alisema jamani punguzeni kelele. Lakini alikuwa ameacha kupika, amesimama mlangoni kusikiliza. Chiriku wao alikuwa amerudi.

Mwisho wa mwezi alifanya jaribio na akafaulu. Hakupata yote. Swali moja alilikosa, na njia nzima ya kurudi nyumbani alimweleza baba yake amelikosa vipi. Mwalimu naye alitaka kujua siri. Aliposikia, alikwenda mwenyewe kwa Mama Maktaba. Wakakubaliana kwamba watoto ambao kwao hakuna simu watumie kompyuta za maktaba baada ya masomo, huku mwalimu akiwachagulia video za kila juma.

Siku chache baadaye, mteja aliagiza fremu ya dirisha kwa ajili ya nyumba yake kuukuu. Fundi aliushusha mfano wa dirisha kutoka ukutani, akauweka juu ya ubao, akachukua penseli.

"Baba," alisema Chiriku, "itaenea pale ukutani kwake?"

"Itaenea. Mfano hau..."

"Umejuaje?"

Fundi aliitazama penseli, akamtazama bintiye. Kisha akacheka mpaka vumbi likamdondoka kwenye nyusi. Aliurudisha mfano ukutani, akachukua futi ya kupimia. Chiriku alikuwa ameshatangulia mlangoni, na alikuwa anaongea.