Mpira Uliowekwa Kabatini

Ndugu zangu wa Mwabungo, nanyi wa Galu na Msambweni mnaopenda kusikia ya watu kabla ya kuyatazama ya nyumbani kwenu, sogeeni karibu. Kisa hiki kilitokea hapa hapa, na baadhi yenu mlikunywa chai katika nyumba ile. Kitu chenyewe mlikiona kwa macho, mkakisifu, kisha mkaenda zenu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka ule uliofuata mvua za El Nino. Maji yalikuwa yamejaa na bahari imetulia. Mashua ya Maweu ilikuwa imefungwa karibu na ufuo, nyeupe pepepe, na ubavuni imeandikwa Wendo, yaani upendo kwa Kikamba. Mkewe, Kavenya, alikuwa ameketi ukingoni mwa mashua, miguu imening'inia nje, akimenya machungwa ya wageni huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Upepo ulikuwa mzuri. Kama kisa kingeishia hapo, nisingekuwa na haja ya kuwasumbua.

Alipogeuka na kutia miguu ndani ya mashua, maji yakamfika vifundoni. Wimbo ukakatika. Aliweka machungwa pembeni, akachukua ndoo, akaanza kuyafua maji na kuyarudisha baharini.

"Yameingia tena?" Maweu aliuliza. Alikuwa amesimama nje, maji yakimfika magotini, akipangusa vyuma vya mashua kwa kitambaa mpaka ving'ae.

"Yameingia tena, Baba Joan. Leo yamezidi ya jana."

"Basi fanya haraka, wageni wasije wakakukuta."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya kila asubuhi. Pampu ya mashua ilikuwa imekufa kitambo. Tangu ilipokufa, pampu alikuwa Kavenya.

Maweu alishuka pwani kutoka Ukambani akiwa kijana, akabeba trei katika hoteli za Diani hadi akawa mkuu wa wahudumu. Kisha yakatokea machafuko ya Likoni, wageni wakakimbia, na hoteli yake ikafungwa. Akachukua malipo ya kuachishwa kazi, akauza na kipande cha shamba alichorithi kwao, akainunua ile mashua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Tangu hapo hawakuwa na shamba wala mshahara. Unga wa nyumbani na karo ya binti yao Joan vilitoka kwa Wendo, kwa kupeleka wageni kuangalia samaki kwenye mwamba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Mashine ya Wendo ilikaa ndani ya mashua, lakini nyuma yake, nje kabisa, kulikuwa na mguu mzito wa chuma wenye propela. Baina ya mashine na mguu huo kuna tundu kubwa kwenye ubao wa nyuma, na tundu hilo liko chini ya maji. Kinachozuia bahari isiingie ni mpira mmoja tu, mpira wenye mikunjo kama ya kinanda cha kodiani, ili mguu uweze kugeuka na kuinuka. Na huku kwetu, maji yakipwa, bahari hukimbia mbali na kuacha mawe matupu. Kila mwenye mashua ya namna hiyo huuinua mguu ili usigonge mwamba. Kwa hiyo mpira wa Wendo ulikuwa ukivutwa kila siku na kupigwa jua, mpaka ukazeeka kabla ya umri wake.

Fundi Mwero wa Msambweni aliitwa, akaja akinung'unika kwamba ana kazi zake. Maji yalikuwa yamekupwa. Akalala chali mchangani, akausukuma mguu upande mmoja, akabonyeza mikunjo kwa kidole gumba. Nyufa zikafunguka.

"Mpira huu umekwisha, Maweu," alisema. "Ndiyo maana ukikata kona mashine inakoroma. Maji ya chumvi yamekwisha kuingia ndani."

"Hauzibiki?"

"Mpira wa namna hii hauzibwi, hubadilishwa. Lete mpya, niutoe mguu wote, nisafishe, nigundishe, nikaze pete zake. Mashua itakaa nchi kavu siku mbili tatu, gundi ikauke."

Mombasa walitafuta wasiupate. Akatokea mgeni mmoja Mjerumani, mteja wao wa zamani, akawaletea kutoka kwao. Mpira ulikuwa mweusi tii, ungali na harufu ya kiwandani. Kavenya alimshukuru Mungu kwa sauti. Alijua mwisho wa ndoo umefika.

Maweu aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuzageuza, akaupangusa. Kisha akaenda sebuleni, akafungua kabati la vioo, akauweka katikati ya vikombe vya wageni, juu ya kitambaa alichofuma Kavenya kwa mkono wake.

Msicheke. Kabati hilo mnalijua. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vimo humo, na sahani za maua, na birika ambalo karatasi ya dukani haijabanduliwa. Sisi wenye nyumba tunakunywa kwenye vikombe vya bati vilivyobambuka, vile vizuri vikitutazama kwa nyuma ya kioo. Mtoto akivigusa anachapwa. Tunamwekea nani? Mgeni. Na mgeni akija, tunatetemeka asije akavivunja.

"Baba Joan," alisema Kavenya, "kile si chombo cha wageni."

"Akiba haiozi, mama. Ule wa zamani bado unafanya kazi."

"Unafanya kazi? Mimi ndiye ninayefanya kazi."

"Ukiisha kabisa nitautia huu. Nikiutia sasa na huu ukapasuka, nitatoa wapi mwingine? Na huu ni msimu. Nani anapandisha mashua juu wakati wa msimu?"

Akaenda kununua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akaizungushia ile mikunjo na kuikaza kwa waya, kama tunavyofunga kila kitu kilichotushinda. Maji yakapungua kidogo. Maweu akafurahi, akatafuta rangi na kuipaka mashua upya. Wageni huona rangi. Nani atainama chini ya maji kutazama mpira?

Basi ule mpya ukawa pambo. Watu wa kanisani walipokuja kwa maombi waliuliza, "Na hiki nacho ni nini?" Maweu akaeleza kwa fahari kwamba ni kitu halisi kutoka Ulaya, hakipatikani nchi nzima. Wakatikisa vichwa, wakasema ndugu yetu amebarikiwa. Hata mmoja hakuuliza kwa nini basi hakipo kwenye mashua.

Kavenya aliendelea kufua. Mgongo ukamuuma, viganja vikaota sugu. Alimkasirikia mumewe, na zaidi alijikasirikia yeye mwenyewe, kwa sababu alijua kufua. Alifua vizuri mno. Kila asubuhi alikausha kosa lile kwa ndoo na kitambaa, na mumewe akija anakuta mashua kavu na moyo wake unatulia. Laiti angekuwa mvivu, pengine aibu ingekwisha kuwapata mapema, nao wakapona.

Siku moja alimwendea Mwero mwenyewe, akamsihi. Mwero akaja na spana zake. Maweu alikutana naye ufuoni akamrudisha.

"Baada ya msimu, fundi."

"Bahari haikuambii msimu wake," Mwero alijibu. Akafyonza, akageuza baiskeli.

"Mama Joan, unaniaibisha mbele ya watu," Maweu alimwambia mkewe walipobaki wawili.

"Nimekuwa mpira wa mashua hii," alisema Kavenya. "Na mimi pia nina nyufa. Unazo habari?"

Maweu akachukua kitambaa, akarudi kupangusa vyuma. Alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, asiyelewa wala kupiga mkewe. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Kumwonya mlevi ni rahisi, lakini mtu mwema aliyeshika ubishi wa kitu kidogo, utamwanzia wapi?

Ikaja bahati waliyokuwa wakiiombea. Hoteli moja ya Diani ilitaka mashua ya kubeba wageni wake msimu mzima. Msaidizi wa meneja, kijana wa bara aliyeitwa Lennox, akaja na wageni wawili wazee kuijaribu. Maweu alikuwa ametandika zulia jipya la kijani juu ya mbao, maji ya usiku yakiwa chini yake. Alimwambia Kavenya avae gauni la Jumapili na agawe matunda.

"Na maji?" Kavenya aliuliza kwa kunong'ona. "Sijafua."

"Leo usiguse ndoo. Wanakuja, wanatuona. Watasema nini wakikukuta na ndoo?"

Akaificha ndoo ufuoni, nyuma ya majani. Ee ndugu zangu, ndoo yenyewe wakaiacha nchi kavu.

Wakatoka. Lennox alisifu rangi. "Boti iko poa sana, Mzee Maweu. Kama services ziko hivi, hiyo contract ni yenu." Maweu akatabasamu na kuongeza mwendo. Karibu na mwamba alikata kona kali ili awaonyeshe wageni kasa. Mashine ikakoroma kuliko siku zote, kitu kikapasuka nyuma, na vipande vya tyubu vikaibuka juu ya maji, vyeusi, vikielea.

Kavenya alikuwa ameshika sinia la mananasi. Alihisi zulia linalowa chini ya nyayo zake. Akamsogelea mumewe, akamnong'oneza kwa Kikamba kwamba maji yanapanda.

"Endelea kugawa," Maweu alisema, jasho likimtoka. "Tutafika."

Kavenya akalitua sinia. Akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mashua inajaa maji. Vaeni maboya."

Mumewe alimtazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Maboya yakatolewa chini ya kiti, mapya, kila moja limefungwa kwenye nailoni ya dukani na kukazwa kwa uzi. Lennox alirarua nailoni kwa meno. Kavenya akamvalisha mgeni mzee na mkewe. Mashine ikazima. Walifua kwa sinia la mananasi, kwa viatu, kwa kofia ya Maweu, na bahari ikaingia bila haraka, kwa lile tundu ambalo hakuna aliyeweza kulifikia.

Randu wa Mwabungo alikuwa akivua karibu na mwamba na wenzake. Wakaja na ngalawa zao, wakawachukua wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Maweu alitoka wa mwisho, na alipogeuka nyuma aliona herufi za Wendo zikizama. Maji yalipokupwa mashua ilikalia mawe, na yaliporudi mawimbi yakaipigisha kwenye mwamba mpaka ikavunjika vipande. Lennox alirudi hotelini bila viatu, na habari za mkataba zikaishia hapo.

Majirani wakaja kusema pole. Kavenya alipika chai, na siku hiyo, bila kumwuliza mtu, alifungua kabati akatoa vikombe vya wageni. Mpira ukabaki peke yake katikati ya rafu. Eddah wa kwaya, ambaye hakuwa amewahi kufika pale, akauliza kwa heshima, "Na hicho ni nini, Baba Joan?"

"Ni cha mashua," alisema Maweu.

Joan, aliyekuwa amekaa mlangoni, akamtazama babake. "Mashua gani, baba?"

Hakuna aliyeinua kikombe. Maweu aliangalia sakafu, na machozi yakamtoka mbele ya wageni.

Leo amerudi kubeba trei, chini ya vijana aliokuwa akiwafundisha kazi. Mpira ule bado ni mpya. Kavenya amekataa kuuza na amekataa kutupa, lakini vikombe vyenye ukingo wa dhahabu haviko tena kabatini. Kila alfajiri yeye, mumewe na Joan hunywea chai humo. Kimoja kimekwisha kuvunjika, na hakuna aliyechapwa.

FUNZO

Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitairudia, maana Maweu naye aliijua. Akiba ni njema, lakini dawa iliyofungiwa kabatini haijamtibu mtu. Ukipata cha kuokoa nyumba yako, kitie mahali pake leo, hata kama ni msimu, hata kama cha zamani bado kinajikokota. Na wewe unayefua maji ya mwenzako kila asubuhi ili watu wasione, usidhani unamsaidia. Weka ndoo chini, useme, mashua ikiwa bado inaelea.