Vifaranga wa Sanduku la Manyanda

Mwaka 1996 ugonjwa wa kideri uliingia kijiji cha Mwamkulu. Kwa Manyanda na mke wake Nyamizi haukubakiza hata kuku mmoja.

Bibi Sikujua, mama mzazi wa Nyamizi, aliishi Shanwe, mjini Mpanda. Kuku wake walikuwa wakubwa, wenye mapaja mazito. Alimpa binti yake mayai kumi na mawili. Lakini nani angeyaatamia?

"Nitayaatamia mimi," alisema Manyanda.

Manyanda alikuwa seremala. Alitengeneza sanduku la mbao, akapanga mayai juu ya wavu wa waya, akawasha taa ya chemli chini yake.

"Kuku anatoa joto, na taa inatoa joto," alimwambia mkewe. "Tofauti iko wapi?"

Siku ya kumi na tisa walitoka vifaranga sita. Nyamizi alifurahi, kisha akawatazama vizuri. Vidole vyao vilikuwa vimepinda. Vitovu vilikuwa vibichi. Hawakuweza kusimama. Baada ya siku tatu wote walikuwa wamekufa.

Wiki hiyohiyo Bibi Sikujua alikuja na kikapu.

"Nahamia Kaliua kwa kaka yako," alisema. "Kuku nimeshauza wote. Haya mayai kumi na manne ndiyo ya mwisho."

Nyamizi aliyapokea. Hakuthubutu kumwambia mama yake habari za vifaranga. Mgeni alipoondoka, alimgeukia mumewe.

"Haya hayaingii kwenye sanduku lako."

"Sasa utayaweka wapi?"

Nyamizi alikwenda kumwita jirani yao, Marsela, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye banda la kuku la misheni.

Marsela hakuanza na sanduku. "Nyamizi, wale waliokufa walikuwaje?" aliuliza.

Nyamizi alimweleza. Kisha Marsela akataka kuona mayai ambayo hayakuanguliwa. Alipasua moja. Ndani alikuwamo kifaranga aliyegandia kwenye ganda.

"Kifaranga mwenyewe anakwambia alivyoatamiwa," alisema Marsela. "Akitoka mapema, vidole vimepinda na kitovu kibichi, ujue joto lilizidi. Joto likipungua anachelewa, anatoka mlegevu na tumbo kubwa. Na huyu aliyegandia, yai lake halikugeuzwa."

"Kwani kuku anageuza mayai?" aliuliza Manyanda.

"Kutwa nzima, kwa mdomo wake. Hujawahi kumwona, shemeji?"

Manyanda aliinamisha kichwa. "Nimemwona. Nilidhani anachezea tu."

"Sanduku lako ni zuri," alisema Marsela. "Mkono wako ni wa fundi. Kilichokosekana ni vipimo."

Aliwaazima kipimajoto. Kiliwekwa usawa wa migongo ya mayai. Joto lilitakiwa kuwa kati ya nyuzi thelathini na nane na thelathini na tisa. Manyanda alitoboa matundu ya hewa na kushusha taa. Nyamizi aliweka bakuli la maji ndani, ili hewa isikauke. Akachora alama ya mkaa upande mmoja wa kila yai, ajue lipi limegeuzwa. Aligeuza asubuhi, mchana na jioni.

"Siku ya kumi na nane acheni kugeuza," alisema Marsela. "Hapo kifaranga anajipanga kutoka."

Siku ya ishirini ilifika. Sanduku lilikuwa kimya. Manyanda alinyoosha mkono kwenye taa.

"Niongeze kidogo tu."

"Kipimajoto kinasema nini?" aliuliza Nyamizi.

"Thelathini na nane na nusu."

"Basi acha utambi."

Manyanda alirudisha mkono. Siku ile aliiona ndefu kuliko zote.

Kesho yake asubuhi walisikia sauti nyembamba. Hadi jioni vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamekauka manyoya. Nyamizi aliwageuza mmoja mmoja kiganjani. Vidole vilikuwa vimenyooka. Vitovu vilikuwa vimefunga. Alipowaweka chini, walisimama na kukimbilia chenga za mahindi.

Marsela aliwahimiza wawapatie chanjo ya kideri, nao wakafanya hivyo. Mwaka uliofuata ua wao ulijaa kuku wenye mapaja mazito.

Siku hizi mtu akija kuagiza sanduku, Manyanda haanzi kupima mbao. Anamuuliza ni nani nyumbani atakayegeuza mayai asubuhi, mchana na jioni. Asipopata jibu, hapigi hata msumari mmoja.